Mje Mmefunga

Ramadhani iliyopita Hooyo, mama yangu, alikula mchana. Alikula nyuma ya jiko letu la sokoni, kati ya ukuta wa mabati na magunia ya mkaa, ameipa njia mgongo, mtandio umemfunika mpaka puani. Mimi nilikaa mlangoni na ungo wa mchele, nachagua mawe yasiyokuwepo, ili mtu akitaka kuingia nimwambie ngoja.

Hakula kwa kupenda. Daktari wa hospitali alimwambia, mama, una ugonjwa wa sukari, na hivi vidonge ukivimeza lazima ule. Ukimeza ukakaa na njaa, sukari ya mwilini itashuka mpaka chini kabisa, utaanguka. Basi usifunge. Hooyo akaenda kwa sheikh, labda yeye atamruhusu. Sheikh naye akasema mgonjwa amesamehewa, alishe maskini, inatosha. Aliwasikiliza wote wawili. Lakini siku moja niligeuka nikamwona analia na wali mdomoni, anatafuna huku machozi yanashuka, na hakuweza kujifuta kwa sababu mkono mmoja ulishika sahani na wa pili ulishika mtandio.

Kila jioni ya mwezi ule alifunga chakula nikampelekea mzee asiyeona anayekaa karibu na kituo cha mafuta. Hooyo alikuwa mtu wa mzaha hata akiwa na huzuni. Aliniambia kwa Kiswahili, maana kwa Kisomali mzaha huo hausimami: "Watu wanafunga, Bilan. Mimi nafungia watu."

Ugonjwa ule tuliujua mimi na yeye tu. Baba yuko Sangailu na ng'ombe wake na mke mdogo, hakuambiwa. Sokoni ndiyo kabisa. Nani atanunua wali kwa mpishi mgonjwa? Watasema chakula chake mwenyewe kimemla.

Hoteli yetu haina viti. Ni jiko, meza moja, na dirisha la kutolea chakula. Watu wanasimama dirishani wanasema "nifungie," tunawafungia wali au baasto, yaani tambi, na nyama ya mbuzi, ndizi moja juu, basbaas pembeni kwa mwenye kupenda pilipili, wanaondoka. Vijana wa bodaboda, watu wa ofisi za kaunti, madereva wa malori, wauza mbuzi. Kwa hiyo Garissa nzima ilimwita Hooyo "Mama Nifungie." Jina lake ni Rukiyo, lakini ukiuliza Rukiyo utazunguka soko lote bila kumpata.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, nikaishia hapo, nikaja jikoni. Maandishi ya kwenye pakiti za dawa mimi ndiye niliyemsomea.

Galma, mgeni wa sokoni, tulimwona kwanza kama mteja. Kijana mrefu, Mborana wa upande wa Wajir, suruali imepigwa pasi, anasoma chuo kikuu Nairobi. Kisomali chake kilikuwa cha salamu tu, mengine yote Kiswahili. Leo ananunua kwetu, kesho kwa jirani, keshokutwa kwa wauza chipsi wa barabara kuu. Arbia, anayeuza sambusa kibanda cha pili na ambaye mimi humwita habaryar kama mama yangu mdogo, ndiye aliyeanza kumwinda.

"Rukiyo," akasema siku moja, amejishika kiuno, "huyu kijana ananunua chakula kila mahali na hakuli hata kimoja. Nimefuata yeye mpaka kwa gari. Wajua anafanya nini? Anaweka kwa sanduku ya barafu!"

"Labda anapeleka mbali," Hooyo akasema.

"Mbali wapi? Sambusa yangu amelaza kwa barafu kama maiti. Wallahi nimeona kwa macho. Ama ni polisi, ama ni mchawi."

"Mchawi wa Wajir atakuja kutafuta sambusa yako Garissa? Kwao nyama hakuna?"

"Wewe cheka. Akifunga soko utacheka vizuri."

Hakuwa polisi wala mchawi. Siku chache baadaye alituita wapishi wote kwenye hema alilopigisha pembeni ya soko, amevaa koti jeupe, ana muuguzi pamoja naye. Alitueleza pole pole. Alisema watu wa Garissa siku hizi hawapiki nyumbani kama zamani, wanakula vya kufungiwa, na hospitalini wagonjwa wa presha na sukari wanazidi. Basi yeye na wenzake wanachunguza vyakula hivyo. Vilivyo kwenye barafu vinaenda Nairobi kupimwa kuna chumvi kiasi gani, mafuta kiasi gani, sukari kiasi gani. Na kwa sababu hakuna mtu anayekula chakula hicho zaidi kuliko mpishi mwenyewe, wanaomba pia kuwapima wapishi damu.

"Kwa hivyo sambusa imesafiri na ndege?" Arbia akauliza.

"Imeenda na gari, mama."

"Maskini. Mimi mwenyewe sijafika Nairobi."

Watu wakacheka, Galma naye akacheka, na hapo ndipo tulipompenda. Alikuwa na adabu. Kila mwanamke alimwita mama, na alipouliza jambo alisubiri jibu. Wanawake wakaanza kumwita daktari. Alisema, "Mimi si daktari wa wagonjwa, mama zangu, mimi ni mtu wa vyakula." Arbia akamjibu, "Haye, daktari," na jina likabaki.

Kisha akauliza, "Kuna mtu hapa tayari ana ugonjwa wa sukari, ama anameza dawa yoyote?"

Aliuliza kama unavyouliza nani ana kiberiti, mbele ya watu wote. Nilimtazama Hooyo. Alikuwa amekuja na upawa mkononi, maana tuliacha chungu motoni, na sasa aliutazama ule upawa kama ndiyo mara ya kwanza anauona. Hakuna aliyeinua mkono.

"Sawa," Galma akasema. "Basi kesho asubuhi mje mmefunga."

Wanawake wakatazamana.

"Tumefunga nini?" Arbia akauliza. "Wali ama baasto?"

Hema lote likapasuka kwa kicheko. Mwingine nyuma akadakia: "Mimi nitafunga maini, daktari anapenda maini!" Mwingine akasema yeye atafungia na muuguzi, amekonda sana. Galma alicheka mpaka akatoa miwani, akatikisa mkono kuwazima.

"Hapana, mama zangu, si kufunga hiyo. Kufunga ya Ramadhani. Mtu asile tangu chakula cha jioni. Kama Ramadhani."

"Aaah," wakasema wote. "Kufunga hiyo."

Sote tuliona amesema vizuri. Hata mimi niliona amesema vizuri.

Njiani kurudi jikoni Hooyo alitembea mbele yangu, na Hooyo hakuwa mtu wa kutembea mbele, magoti yalimsumbua. Jioni alifua mtandio wake wa kuswalia akauanika kwenye kamba, akaupiga piga kunyoosha mikunjo, anaimba chini chini.

"Ulimsikia?" akaniuliza.

"Nilimsikia nani?"

"Daktari. Amesema nifunge."

"Anataka damu tu, Hooyo. Tumbo liwe tupu asubuhi."

"Amesema kama Ramadhani. Alisema au hakusema?"

"Alisema."

"Na kesho ni Alhamisi, siku njema ya kufunga." Alinigeukia, uso wake una nuru ambayo sikuiona tangu apewe vile vidonge. "Nina deni la siku zangu za Ramadhani, Bilan. Zimenikaa hapa." Akajigusa kooni. "Yule wa hospitali alinikataza. Huyu ametoka Nairobi, amesoma zaidi, yeye mwenyewe ameniambia funga. Si mimi niliyemuomba. Mungu amenifungulia mlango."

Nilijua alikuwa na furaha. Nilifikiri ni furaha ya asubuhi moja, akitoka kutoa damu atakula chai na anjera kama kawaida.

Alfajiri nilipoamka kuwasha moto, alikuwa ameshaswali, amekaa kwenye mkeka, pakiti ya vidonge imefunguliwa kando ya birika.

"Umemeza?"

"Nimemeza na maji, kabla ya adhana."

"Bila kula?"

"Si amesema nisile? Nenda, moto unakungoja."

Walikwenda hemani kwa kundi, wanawake wote wa sokoni, wamevaa kama wa harusi. Mimi nilibaki na mkaa na vyungu. Walipomaliza kutolewa damu kila mmoja alipewa pakiti ya maziwa na mkate wa kukata, na nilisikia baadaye kwamba wenzake walikula pale pale, Arbia alikula na akaomba mwingine. Hooyo alirudi na vyake mkononi. Akaviweka juu ya rafu, nyuma ya kopo la chumvi.

"Nitafungulia hivi," akasema.

Nikaacha kukoroga. "Utafungulia saa ngapi?"

"Watu wanafungua saa ngapi, Bilan? Magharibi."

"Hooyo, damu wameshachukua. Kula sasa."

"Nimenuia."

"Daktari wa hospitali..."

"Daktari wa hospitali alisema lake. Nimenuia swaumu kwa Mwenyezi Mungu, wewe unaniambia niivunje kwa mkate wa kukata?" Hakupandisha sauti. Alifunga mtandio nyuma ya shingo akachukua kisu. "Leta hiyo nyama."

Mama yangu akisema leta, ninaleta. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyolelewa. Lakini macho hayakatazwi, na macho yangu hayakumwacha asubuhi ile. Jua la Garissa lilipanda juu ya mabati, jikoni mkawa kama ndani ya tanuri. Aliosha mchele, akakata vitunguu, akageuza nyama. Wateja walikuja, akawafungia, akawatania. Aliniambia mara moja, bila kunitazama, "Nilisahau njaa ya Mungu ilivyo tamu." Nikampindulia ndoo tupu. Akakaa kidogo, akainuka.

Baada ya adhuhuri niliona shingo yake inatoka jasho tofauti. Jasho la moto nalijua, linang'aa usoni. Hili lilikuwa la baridi, nilimgusa nikalisikia. Akachota chumvi akatia kwenye mchuzi, akafunika kopo, akalifunua, akachota tena.

"Umeshatia, Hooyo."

"Nimetia nini?"

Korane, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa dirishani. Ni mteja wa miaka mingi, mnene, mwenye kelele. "Mama Nifungie, nifungie wali na nyama ya mbavu, na usiniwekee mifupa kama fisi."

Hooyo akachukua karatasi ya foili, akaweka ndizi peke yake katikati, akaifunga vizuri, kona kwa kona, akampa.

Korane akaipima mkononi. "Mama, mbuzi wangu nimeuza wote, sasa wewe unanilisha kama nyani?" Akacheka. Hooyo hakucheka. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mikono yake ilitetemeka juu ya meza, vidole vinatafuta kitu kisichokuwepo. Korane akaacha kucheka.

Nikachukua pakiti ya maziwa kwenye rafu, nikaitoboa, nikamwekea mdomoni. Aliipiga kwa mkono ikamwagika.

"Nimefunga," akasema.

Nilijua hatanisikia mimi. Sheikh yuko mbali, msikiti wake uko ng'ambo ya soko. Mtu mmoja tu angeweza kumwambia akala, ni yule aliyemwambia asile. Nikamwambia Korane, "Adeer, mshike asianguke kwenye moto," nikakimbia.

Galma alikuwa hemani na muuguzi, wanapanga vichupa vya damu. Kutoka jikoni mpaka pale nilipoteza kiatu kimoja, sikurudi kukichukua.

"Njoo umwambie mama yangu ale."

"Nani?"

"Rukiyo. Mama Nifungie. Amefunga."

"Bado?" Akasimama. "Tulishamaliza asubuhi. Kwa nini amefunga bado?"

"Si ulisema kama Ramadhani?"

Alinitazama. Niliona neno lile linamrudia, linamwingia pole pole.

"Anameza dawa?" akauliza, sauti ndogo.

"Ya sukari."

Hakusubiri nimalize. Alikimbia na koti lake jeupe likipepea nyuma, watu wakipisha njia, mimi nyuma yake na kiatu kimoja.

Tulimkuta amelala chini, kichwa kwenye mapaja ya Arbia. Korane alikuwa amefukuza watu dirishani, anampepea kwa ungo wetu wa mchele. Arbia alikuwa anammwagia maji usoni, anasoma dua. Hooyo alikuwa hai, macho nusu, meno yamebana.

"Sukari!" Galma akapiga kelele. "Chai ya sukari, soda, chochote! Haraka!"

Nilichota vijiko vya sukari kwenye kikombe cha chai ya vuguvugu nikakoroga. Nikasema wakati nakoroga, sikujali tena nani anasikia, "Ana ugonjwa wa sukari, habaryar. Anameza vidonge."

Arbia akanishika mkono, chai ikamwagika nusu. "Ana sukari na wewe unampa sukari? Umepata wazimu? Unataka kumaliza yeye?"

"Imeshuka, mama," Galma akasema. "Sukari imeisha mwilini. Niachie."

"Wewe nyamaza! Wewe ndio ulisema wafunge!"

Galma alipiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, akachukua kikombe, akakiweka kwenye mdomo wa Hooyo. "Mama. Mama Rukiyo. Mimi hapa, daktari. Fungua."

Hooyo akafungua macho kidogo. Alimjua. Nadhani alimjua, kwa sababu alitabasamu.

"Magharibi bado," akasema. Kisha meno yakabana tena.

"Fungua, mama. Mimi nimesema. Tafadhali fungua."

Aligeuza uso upande wa ukuta, kidogo tu, kama mtoto. Chai ikashuka shavuni ikaingia kwenye sikio.

Nikapiga magoti upande ule alikogeukia. Jua lilikuwa limesimama mlangoni, jeupe, mchana kabisa. Nikaweka mdomo karibu na sikio lake, nikamwambia kwa Kisomali, "Hooyo, wameadhini."

"Wameadhini?"

"Wameadhini. Fungua."

Sikuapa. Nilisema tu.

Akafungua mdomo. Midomo ikasema bismillahi bila sauti, akameza mara moja, mara mbili, ya tatu ikatoka. Korane alikuwa ameshaleta gari lake la kubebea mbuzi mpaka mlangoni. Tukampakia juu ya magunia.

Hospitalini walimtia maji ya sukari kwenye mshipa. Alilala siku nyingi. Galma alikuja kila siku, akasimama ukutani, hakukaa, na koti jeupe sikuliona tena. Daktari wa wodi alinieleza kwamba mwili umepona, ila ubongo ulikaa na njaa muda mrefu mno, na sehemu iliyokaa na njaa hairudi. Aliongea kwa upole. Niliitikia kila neno, na nilipotoka nje nikagundua sikumuuliza ni sehemu gani.

Sasa najua ni sehemu gani. Hooyo anatembea, anaswali akielekezwa, anakunja nguo. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa kule Griftu nikiwa mdogo. Mzaha umekwisha. Na kwa Hooyo, siku ile ya Alhamisi haijatua jua mpaka leo. Ukimletea chakula asubuhi anakisukuma kwa adabu, anasema nimefunga. Mchana hivyo hivyo. Anakaa kwenye mkeka anasikiliza. Anauliza, "Wameadhini?"

Mwanzo nilijaribu kumbishia. Alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Kisha nikatia adhana kwenye simu. Asubuhi, adhuhuri, jioni, nikishaandaa sahani yake, wali kidogo, maharagwe, mboga, kama walivyonielekeza hospitali, naweka simu nyuma ya pazia nabonyeza. Anasikiliza mpaka mwisho, anainua mikono anaomba, kisha anakula. Anakula kwa furaha sana. Nilikwenda kwa sheikh kumuuliza kama nina dhambi. Akasema, "Mlishe mama yako." Nilirudi nyumbani na jibu hilo, lakini kila mara kidole kinakuwa kizito kwenye ile simu.

Jikoni nimebaki peke yangu. Arbia ananisaidia asubuhi, analeta chai nyumbani bila kuitwa, na Hooyo akimsukumia kikombe anatoka nje analia kwenye mabati.

Galma alirudi msimu wa mvua. Nilimwona kwanza hemani, sokoni, na kundi jipya la wapishi, wauza maziwa na chapati wa upande wa pili. Nilisimama nyuma. Alipofika kwenye mambo ya damu alisema, "Kesho asubuhi mje kabla ya kula. Tukitoa damu tu, mle hapo hapo, mbele yangu." Mwanamke mmoja akauliza, "Yaani tufunge?" Akasema, "Hapana. Asifunge mtu. Msile tu mpaka mnione, halafu mle." Akarudia mara nyingi sana mpaka wakaanza kucheka. Na kabla ya hapo alikuwa amewaambia mwenye kumeza dawa aje amwone peke yake, nje, si mbele za watu.

Kisha akaja jikoni kwangu. Alisimama dirishani.

"Majibu ya chakula yametoka," akasema. "Nimeambia kila kibanda chake, peke yake."

"Yetu ikoje?"

"Chumvi ni nyingi. Mafuta ni mengi. Karibu vibanda vyote ni hivyo. Si kwa ubaya. Ndivyo watu wanavyopenda."

Nikamwambia mafuta nimeshapunguza, na Korane anapiga kelele kila siku kwamba nampikia kama mgonjwa wa wodi, lakini anakuja. Wengine hawaji tena. Galma akatikisa kichwa, na nikajua si hayo yaliyomleta.

"Naweza kumsalimia?" akauliza.

Nikafunga sahani ya Hooyo, nikafunga na nyingine, tukatembea mpaka nyumbani.

Hooyo alikuwa kwenye mkeka, mtandio wake wa kuswalia mabegani, mweupe. Aliinua uso. Mimi mwanawe hanijui. Arbia hamjui. Lakini alimtazama yule kijana aliyesimama mlangoni, akanyoosha mkono.

"Daktari," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Karibu. Mimi nafunga vile ulisema."

Galma akakaa chini palepale mlangoni, viatu miguuni.

"Nafunga mzuri?"

Hooyo alimsubiri, mikono mapajani, kama mtoto anayesubiri alama za mtihani.

"Umefunga vizuri, mama," akasema. "Umefunga vizuri sana."

"Wameadhini?"

Galma akanitazama. Nikaenda nyuma ya pazia nikabonyeza simu. Adhana ikajaa chumba, saa ya mchana, jua linachoma nje na watoto wa jirani wanatoka shule. Hooyo akafumba macho. Ilipokwisha akainua viganja akaomba, dua ndefu, na ndani yake nikasikia akimtaja daktari, amlipe kheri.

Nikafungua karatasi zote mbili. Hooyo akachukua tonge, halafu akaona mgeni hali. Akamsogezea sahani.

"Na wewe. Fungua."

Galma alikuwa amenunua chakula chetu mara nyingi, na kila mara alikilaza kwenye barafu. Akavua viatu, akanawa mikono. Akatia vidole kwenye wali, akafanya tonge, akalipeleka mdomoni, akatafuna machozi yakishuka, na hakujifuta kwa sababu Hooyo alikuwa ameushika mkono wake wa pili.